Brashi yangu ya nywele inanuka hata baada ya kuilowekea Jik, nakosea wapi?

Swali: Shikamoo anti. Nina brashi ile pana yenye mto wa mpira, naipenda sana maana haivuti nywele. Ilijaa vumbi la kijivu kwenye mashina ya meno, nikachemsha maji, nikamwagia Jik, nikailoweka usiku kucha. Asubuhi ilikuwa safi inang'aa ila wiki haijaisha ikaanza kunuka kama tambara la deki, na vile vidoti vya kwenye ncha za meno vinadondoka kimoja kimoja. Kichwa nacho kinaniwasha. Halafu binti yangu wa miaka 6, ambaye tunachana naye vitana hivyohivyo vya nyumbani, katokewa na doa la mviringo lenye magamba na nywele zimekatika hapo. Naomba unieleze brashi na vitana vinaoshwaje jamani. Niko Tanga, maji yetu ya kisima yana chumvi.

Jibu:

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili maana ndani yake kuna maswali matatu, la brashi, la kichwa chako na la mtoto, na la mtoto ndo la haraka kuliko yote kwa hiyo naanza nalo hata kama wewe umeliweka mwishoni. Doa la mviringo, magamba, nywele zimekatika palepale. Mimi sio daktari ila nimeshika vichwa vya watu miaka 20 na kitu, na maelezo yako yanafanana sana na mapunye. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Na usimalize hela kwenye vikopo vya krimu za dukani, fangasi wa mapunye hawaishii juu ya ngozi, wanaingia ndani ya unywele mpaka kwenye mzizi na krimu haifiki huko, ndo maana hospitali wanatoa vidonge na mtoto anavimeza wiki kadhaa. Wazazi wengi wakiona nywele zimeanza kuota wanaacha dozi katikati, alafu baada ya mwezi doa linarudi wanasema dawa ilikuwa feki. Maliza dozi. Waangalie na ndugu zake kichwani, pitisha vidole kila sehemu, hasa nyuma ya masikio na kisogoni.

Na kwa sasa usimpeleke kunyoa kwa kinyozi, utawaambukiza watoto wa wenzio kupitia mashine.

Nimeanza hapo kwa sababu hiyo ndo sababu kubwa ya kuosha vitana, watu wanadhani tunaosha ili kipendeze. Mapunye yanatembea kwa kitana, kwa brashi, kwa kofia, kwa kilemba, kwa mashine ya kunyolea, na vile vimbegu vya fangasi vikishakaa kwenye kitana pamoja na vipande vya nywele vilivyokatika vinaweza kudumu miezi vikingoja kichwa kingine. Kwa hiyo mnameza dawa, mnapona, mnachania kitana kilekile, mnaanza upya.

Sasa brashi yako. Ngoja nikwambie kilichotokea maana ukikielewa hutarudia. Ule mto wa mpira unaoshika meno una hewa chini yake, ndo maana ukichana meno yanabonyea badala ya kukuchoma kichwani, na brashi za hivyo zipo tangu zamani sana, Mason Pearson wa London alianza nazo mwaka 1885. Ili hewa iingie na kutoka, mto unaachiwa kitundu kidogo. Itazame brashi yako vizuri utakiona, kiko katikati ya meno au pembeni kuelekea mpini. Ulipoizamisha usiku kucha maji yakaingia kwa hicho kitundu yakajaa chini ya mpira, juu kweupe chini bwawa. Na hayo maji hayakuingia peke yake, yameingia na mafuta, na magamba ya kichwa, na vumbi, alafu huko ndani kuna giza na joto la Tanga, ukungu unataka nini tena? Ile harufu ya tambara la deki ni hiyo. Jik ilishaisha nguvu siku ya kwanza lakini maji yapo mpaka leo.

Maji ya kuchemka nayo yamefanya yake. Vile vidoti vya kwenye ncha kwenye brashi nyingi vimebandikwa tu, na gundi ikipata moto inalegea, na plastiki yenyewe inalegea. Shida ya kidoti kikitoka ni kwamba jino linalobaki ni kali. Pitisha brashi taratibu kwenye mgongo wa mkono wako utasikia mikwaruzo, basi hivyo ndivyo inavyokwaruza ngozi ya kichwa kila siku, na unywele ukipita kwenye ncha kama hiyo unachanika. Huko kuwashwa kwako naweza kukuhusisha na hapo kwa kiasi fulani.

Kama unataka kujaribu kuiokoa, igeuze meno yatazame chini, bonyeza mto kwa dole gumba mara nyingi huku unaikung'uta, utashangaa maji yatakayotoka. Iache meno chini juu ya taulo, sehemu yenye upepo, siku mbili. Ukiinusa siku ya tatu bado inanuka, ukungu umeshakaa ndani na hakuna mswaki wala sabuni itakayofika huko, itupe. Na ukihesabu vidoti vilivyotoka vikawa vimezidi vitano sita itupe pia hata kama hainuki. Najua unaipenda.

Ukinunua nyingine ya mto, fanya hivi. Kwanza toa nywele zote ikiwa kavu. Hapa ndo watu wanapokosea, wanaweka brashi kwenye maji na nywele zake, nywele zikilowa zinajisokota kwenye mashina ya meno utavuta mpaka ung'oe jino. Chukua kitana cha mkia, ingiza ule mkia chini ya nywele uinue kidogo kidogo kuanzia pembeni kwenda katikati. Zikiwa zimejifunga sana chukua mkasi mdogo, kata mstari katikati ya safu za meno, alafu vuta vipande, vitatoka kirahisi. Lile vumbi la kijivu linalobaki linashangaza watu ila ni kitu cha kawaida, ni ngozi ya kichwa iliyokufa, vumbi la nje, nyuzi za kitambaa cha mto na kilemba, vyote vimegandishwa na mafuta na jeli. Hilo likwangue na mswaki wa zamani uliokauka kabla hujagusa maji.

Baada ya hapo weka maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo, au shampuu. Mimi napenda sabuni ya vyombo kwa sababu kazi yake ni kukata mafuta, na sisi brashi zetu zina mafuta kweli, mtu kapaka mafuta mazito ya mgando, juu yake kapaka jeli, juu yake kapulizia olive, shampuu laini haiwezi huo mchanganyiko. Chovya mswaki kwenye povu, SIO brashi. Shika brashi meno yakiwa yametazama chini, sugua kuanzia kwenye mashina kwenda kwenye ncha, ukimaliza safu chovya mswaki tena. Kwa sababu imeangalia chini maji yanadondoka, hayakimbilii kwenye mto. Kusuuza vilevile, chovya kitambaa kwenye maji safi kamua, futa, rudia mara tatu nne, au pitisha meno tu chini ya maji membamba ya bomba. Ukiwa na wasiwasi na kile kitundu bandika kipande cha selotepu kabla ya kuanza, na ukimaliza ukibandue ili hewa itoke.

Kukausha, mwanangu, kukausha ndo kazi yenyewe. Brashi ikauke meno chini, juu ya taulo, kivulini kwenye upepo, usiku mzima na ikibidi na kesho yake mchana. Juani usiiache, mpira unapasuka na plastiki inakuwa kama biskuti. Nguo unazianika juani sawa, ila brashi hapana. Kipindi cha masika kuanzia mwezi wa 3 mpaka wa 5 huku pwani hakuna kinachokauka, hapo iweke mbele ya feni au pitisha draya kwenye hewa ya baridi. Usiirudishe kwenye droo au kwenye kipochi ikiwa mbichi. Wateja wangu wengi wanaolalamika brashi inanuka hawajakosea kuosha, wamekosea hapa.

Kuna zile brashi zenye safu za meno kwenye mpira uliochomekwa, aina ya Denman na nyingine nyingi za kuiga, hizo ni rahisi kwa sababu ule mpira unauvuta kutoka kwenye mpini unatoka mzima, unaosha kila kipande peke yake unakausha unarudishia. Kwa nywele zetu za kipilipili hizo nazipenda, ukitoa safu moja moja meno yanakuwa mbalimbali hayavuti.

Vitana na machanuo ya plastiki havina shida kabisa, hivyo ndivyo vya kuzamisha. Beseni, maji ya moto yanayovumilika mkononi, sabuni ya vyombo, dakika 15 mpaka 20, alafu mswaki katikati ya kila jino. Kama mna mafuta mazito yaliyoganda ongeza kijiko cha bekin soda kwenye lita moja ya maji. Nimesema bekin soda sio bekin poda, ile ya poda ina unga na tindikali ndani yake haikusaidii. Na magadi ya kupikia maharage yasiingie kwenye hii kazi, ni makali zaidi.

Kuna video zinaonesha mtu anamwaga bekin soda na siki kwa pamoja povu linapanda mpaka juu, watu wanapenda lile povu. Lile povu ni hewa tu inatoka, soda inaua siki na siki inaua soda, ukimaliza unabaki na maji ya chumvi chumvi. Tumia kimoja. Soda kwa mafuta. Siki kwa yale maji yenu ya kisima, maana chumvi na madini yakikauka kwenye kitana yanaacha utando mweupe mkavu, na utando huo unakwaruza nywele na unashika uchafu haraka. Vijiko viwili vya siki kwenye glasi ya maji, loweka kitana cha plastiki dakika 10, suuza. Kwa brashi ya mto futa na kitambaa tu. Na kama una maji ya mvua uliyokinga au una dumu la maji baridi yasiyo na chumvi, tumia hayo kwenye suuzo la mwisho, kikombe kimoja kinatosha, sio lazima kazi yote.

Sasa Jik. Mimi simkatazi mtu Jik, ila ina masharti. Sharti la kwanza, haifanyi kazi kwenye uchafu. Ukiimwaga kwenye kitana chenye mafuta na nywele inaisha nguvu ikipambana na huo uchafu na vimelea vinabaki chini, kwa hiyo kitana kioshwe na sabuni kwanza, kisuuzwe, ndo Jik ifuate. Vipimo, Jik sehemu moja maji ya kawaida sehemu tisa, changanya muda huohuo, maji yasiwe ya moto, dakika 10, suuza mpaka harufu iishe. Kulala nayo usiku kucha hakuongezi kitu zaidi ya kuharibu. Sharti la pili ni la plastiki tupu. Meno ya chuma yanashika kutu, mbao inaharibika, na brashi ya manyoya ya mnyama ndo kabisa, manyoya ni nywele na Jik inakula nywele, utayakuta yamelegea kama uzi uliooza. Sharti la tatu hili nalisema kwa kila mtu, Jik na siki zisikutane. Wala siku hiyohiyo kwenye bakuli lilelile. Zikikutana inatoka hewa ya klorini, hiyo inachoma macho na mapafu, na wengi tunaosha vitu kwenye bafu dogo lisilo na dirisha na mtoto yuko pembeni.

Chanuo la mbao nalo lina sheria yake, halilowekwi hata dakika tano. Mbao inakunywa maji inavimba, ikikauka inanywea, ikirudia mara kadhaa inapata nyufa ndogo ambazo huzioni kwa macho ila unywele unaziona, unaingia pale unakatika. Hata mpingo ambao ni mgumu kuliko mbao nyingi usijidanganye. Kung'uta, pitisha mswaki mkavu, chovya kitambaa kwenye maji ya sabuni ukamue mpaka kisidondoke, futa jino kwa jino, futa tena na kitambaa cha maji safi, alafu kausha palepale na kitambaa kikavu. Mara moja kwa mwezi likiwa limekauka kabisa tia matone mawili ya mafuta ya nazi kwenye kidole upake, acha saa moja, futa yaliyozidi. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa kazi hii kwa sababu hayachachi haraka. Mafuta ya alizeti ya jikoni yanashika utando wa kunata na yanatoa harufu, mteja wangu mmoja alipaka hayo chanuo alilorithi kwa bibi yake, tulikaa nalo saa nzima kulirudisha.

Brashi ya manyoya, ile laini ya kulazia nywele za mbele au ya mtoto mchanga, iosheni kama nywele. Shampuu kidogo, maji ya uvuguvugu, manyoya chini, suuza haraka, meno chini ikauke. Ikiwa na kishikio cha mbao usiizamishe. Na niseme kitu hapa kwa sababu Tanga na pwani yote Waislamu ni wengi na watu huwa wanashtuka wakijua baadaye, manyoya mengi ya hizi brashi za "asili" ni ya nguruwe. Kwenye boksi wanaandika neno boar, huyo ni nguruwe. Kama hutaki tafuta za nailoni, zipo na zinaoshwa kirahisi zaidi.

Zile za duara za draya, zenye bomba la chuma katikati, adui yake ni mafuta yanayoungua. Kila ukipuliza moto mafuta yaliyobaki kwenye chuma yanageuka gamba la kahawia, na gamba hilo likipata moto tena linanukia kwenye nywele za mtu. Subiri ipoe, futa na kitambaa chenye spiriti, kausha. Spiriti isikae karibu na jiko wala na draya inayowaka.

Ukitia dawa ya kunyoosha nywele nyumbani, kitana cha dawa kiwe cha plastiki na kiwe cha kazi hiyo tu. Dawa hizo zina ukali wa ajabu, nyingine zina sodiamu haidroksaidi, ile ile inayozibua mabomba, na zikigusa alumini zinaila. Kitana kikibaki na dawa kwenye mashina ya meno kesho ukachania mtoto, umemtia dawa bila kujua. Kioshe siku hiyohiyo, kisikauke nayo.

Umeniuliza pia kwa namna fulani ni mara ngapi. Nywele zitolewe kila ukimaliza kuchana, ni sekunde 10. Kuosha, kama unapaka mafuta na jeli kila siku basi kila wiki, siku ileile unayoosha kichwa. Kama umesuka na hutumii brashi, mara moja kwa mwezi inatosha, ila usisahau kuosha kitana kabla ya siku ya kufumua. Mimi nasisitiza siku ileile ya kichwa kwa sababu naona watu wanaosha nywele vizuri, stimingi, kondishna, kila kitu, alafu wanachana na brashi ya mwezi uliopita na mafuta yote ya zamani yanarudi kichwani ndani ya dakika mbili.

Kuhusu kuwashwa kwako, kama ni magamba meupe madogo yanayodondoka begani na hakuna sehemu nywele zimekatika, hiyo inaweza kuwa mba ya kawaida. Mba haikuletwa na brashi, wale fangasi wake wanaishi kwenye ngozi ya kichwa ya kila mtu na kwa wengine wanazidi. Ila brashi chafu inazungusha magamba na mafuta yaleyale kwa hiyo shampuu ya mba unayonunua inafanya kazi nusu. Osha vyote viwili wiki tatu mfululizo uone. Ila wewe unachangia kitana na mtoto mwenye doa, kwa hiyo mkienda kituo cha afya na wewe vua kilemba uangaliwe, usione aibu, nimeona mama wanamtibu mtoto na wao ndo wamebeba fangasi.

Chawa hujawataja ila nimalizie na hao kwa sababu swali hilo huwa linafuata. Kitana cha plastiki kinaingizwa kwenye maji ya moto kuanzia nyuzi 54 kwenda juu, yani moto wa kukufanya utoe mkono haraka lakini hayachemki, dakika 10. Chawa akitoka kichwani hakai zaidi ya siku moja au mbili, kwa hiyo brashi isiyoweza kuingia maji ya moto ifunge kwenye mfuko ukae nayo mbali kwa siku kadhaa.

Na mkienda saluni au kwa kinyozi bebeni kitana chenu. Nilipokuwa najifunza kazi, saluni niliyofundishwa tulikuwa na vitana vinne kwa siku nzima, Jumamosi watoto 30 wanapita, na palikuwa na lile sanduku lenye taa ya bluu ukutani, vitana vinaingia na nywele zake na mafuta yake, taa inawaka, vinatoka. Tuliamini kabisa vimekuwa salama. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ule mwanga, hata ukiwa wa kweli maana masanduku mengine ni taa ya rangi tu, unafanya kazi pale unapopiga moja kwa moja kwenye kitu kilichoshaoshwa, haupiti kwenye mafuta, haupiti chini ya unywele, na upande wa chini wa kitana haufiki. Ilikuwa sio ubaya wa mtu, tulikuwa hatujui, ila watoto walirudi na madoa na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Kwa hiyo ukiona sanduku uliza vitana vimeoshwa na sabuni leo? Msusi anayejua kazi hatakasirika.

Jambo dogo ambalo litakusaidia, kabla hujatupa zile nywele ulizotoa kwenye brashi ziangalie. Kichwa kinadondosha nywele 50 mpaka 100 kwa siku, ni kawaida kwa kila mtu, na ukiwa umesuka wiki sita hazina pa kudondokea zinakusanyika zote zinatoka siku ya kufumua, piga hesabu ni elfu mbili mpaka nne, ndo maana unaona fungu unapata hofu. Unywele uliodondoka wenyewe ni mrefu na una kidoti cheupe mwisho wake. Ukiona vipande vifupi vifupi visivyo na kidoti, hizo zinakatika, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni brashi au kitana chenyewe. Vitana vya bei rahisi vina mshono wa plastiki katikati ya meno pale vilipotolewa kwenye kalibu, pitisha kucha utausikia. Chukua soksi ndefu ya nailoni ya zamani, ichane na kitana chako, ikinasa hata sehemu moja ujue na nywele zinanasa hapo. Mimi kitana kikinasa soksi hakirudi kwenye meza yangu.

Nywele hizo usizitupe kwenye sinki wala chooni, zinaziba. Zifunge kwenye karatasi zitupe kwenye taka. Bibi yangu alikuwa anazifukia, hakutaka nywele za mtu zizagae, na mimi nyumbani kwangu bado nafukia.

Kwa hiyo mwanangu Jumamosi hii, vitana vyote vya plastiki vya nyumbani, ukiacha cha mtoto, beseni moja, sabuni, mswaki, suuza, alafu Jik ile sehemu moja kwa tisa dakika 10, suuza na maji yasiyo na chumvi, anika kivulini. Foronya, kofia na vilemba vya mtoto vifue na maji ya moto siku hiyohiyo, na kazi yote hii uirudie kila wiki mpaka amalize dozi. Kile kitana alichokuwa anachaniwa yeye usikioshe, kitupe, ni hela ndogo. Mnunulie kingine cha rangi anayoipenda mwenyewe, uandike jina lake kwa maka pen, na umwambie hata rafiki yake kipenzi hachanii hicho.